Marehemu wa Mwaka 1917



Magazeti yana desturi moja ya zamani. Kila mwaka unapofika ukingoni hutoa ukurasa mzima wa watu mashuhuri waliofariki katika mwaka huo: mfalme fulani, mwandishi fulani, mwanamuziki, mchezaji mpira. Picha ndogo, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa, na mistari miwili mitatu ya sifa. Mimi ni msomaji mkubwa wa kurasa hizo. Huzisoma hata kabla ya ukurasa wa michezo, na kwa mtu wa Dar es Salaam hilo si jambo dogo.

Leo nataka tufungue ukurasa wa namna hiyo, lakini wa mwaka wa zamani kidogo. Nimechagua mwaka 1917. Dunia ilikuwa katikati ya vita vilivyoanza Julai 1914 na kwisha Novemba 1918, vita ambavyo huku kwetu vilipiganwa kuanzia Tanga na Taveta hadi ng'ambo ya Mto Ruvuma. Nimeuchagua mwaka huo kwa sababu nitakayoieleza mbele ya safari. Kwanza tuwatazame marehemu wenyewe.

Wa kwanza alifia hapa hapa nchini. Tarehe 4 Januari 1917, mahali paitwapo Beho Beho, kaskazini ya Mto Rufiji, risasi ya mlenga shabaha wa upande wa Wajerumani ilimwua kapteni mmoja wa Kiingereza aitwaye Frederick Selous. Alikuwa na umri wa miaka 65. Naam, miaka 65, umri ambao mtu anatakiwa awe barazani na wajukuu wake. Selous alikuwa mwindaji wa tembo aliyesifika mno, mwandishi wa vitabu vya uwindaji, mtu aliyekanyaga Afrika ya Kusini akiwa kijana wa miaka 19. Vita vilipozuka aliomba kwenda kupigana, na hatimaye akapewa nafasi katika kikosi cha watu wa makamo na wazururaji wa dunia kilichoshuka Mombasa mwaka 1915. Wengi wa kikosi hicho waliangushwa na malaria na kuhara kabla ya risasi. Yeye mzee akadumu.

Alizikwa pale pale Beho Beho na kaburi lake lipo mpaka leo, lina jina. Mwaka 1922 pori lile la akiba likapewa jina lake, na kwa karibu miaka mia moja watoto wa shule wa nchi hii walikariri Selous, Selous, Selous, katika somo la jiografia. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kaburi sasa limo ndani ya hifadhi hiyo. Mwanawe, aliyekuwa rubani wa kivita, aliuawa huko Ulaya tarehe 4 Januari 1918, mwaka mmoja kamili baada ya baba yake, siku ile ile. Mambo mengine ukiyasoma unaweza kudhani yametungwa.

Twende Ulaya. Tarehe 8 Machi 1917 alifariki Mjerumani mmoja mzee wa miaka 78, Ferdinand von Zeppelin. Huyu ndiye aliyetengeneza vile vyombo vya angani mfano wa sigara kubwa, vilivyojazwa gesi nyepesi na kusukumwa na injini. Cha kwanza kiliruka mwaka 1900 juu ya ziwa lililo kusini ya Ujerumani. Watu walipiga makofi. Miaka kumi na mitano baadaye vyombo vya aina hiyo vilikuwa vikiangusha mabomu usiku juu ya nyumba za watu wa London.

Zeppelin hakuishi kuona safari moja iliyotuhusu sisi. Novemba 1917, miezi minane baada ya kifo chake, chombo kimoja cha aina hiyo, L59, kiliondoka mji wa Jamboli huko Bulgaria kikielekea Afrika Mashariki. Kilibeba tani 15 za risasi, dawa na vifaa vingine kwa ajili ya jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck, ambalo wakati huo lilikuwa limebanwa kusini, sehemu za Umakonde. Hapakuwa na mpango wa kurudi. Kitambaa cha chombo kile kilikusudiwa kukatwa kiwe mahema na bendeji, na fremu yake ya chuma chepesi ifanywe minara ya simu za upepo. Kilivuka bahari ya Mediterania, kikavuka jangwa la Misri, kikaingia Sudan. Huko, magharibi ya Khartoum, kikapata amri ya redio kwamba kigeuze, kwani hali huku chini ilikuwa imeharibika. Kikageuza. Kilikuwa kimekwenda kilomita 6,757 kwa saa 95 bila ya kutua, na kikafika kilikotoka tarehe 25 Novemba, siku ile ile ambayo von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Naomba msikilizaji ukumbuke tani hizo 15, maana nitazirudia.

Tarehe 31 Machi alifariki Emil von Behring, mwana wa mwalimu wa shule, daktari. Mama yeyote aliyempeleka mtoto wake kliniki kuchanjwa dondakoo na pepopunda ana deni kwake, ingawa hamjui. Yeye na Mjapani Kitasato, mwaka 1890, walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya ugonjwa inaweza kumkinga mwingine. Mwaka 1901 Behring akawa mtu wa kwanza kabisa kupewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Katika vita dawa yake ya pepopunda iliokoa majeruhi wengi sana, kwa sababu handaki lenye matope na samadi ndilo hasa maskani ya pepopunda.

Kesho yake, tarehe 1 Aprili, katika hospitali moja mjini New York akafa Scott Joplin, mtu mweusi, mtoto wa baba aliyezaliwa mtumwa. Alikuwa mpiga piano na mtungaji aliyeitwa mfalme wa ragtaimu, muziki uliotangulia jazi. Siku tano tu baadaye Marekani ikaingia vitani, na magazeti yakawa na mambo mengine ya kuandika. Joplin alizikwa mjini humo katika kaburi lisilo na alama yoyote. Likakaa hivyo kwa miaka 57. Mwaka 1973 filamu moja iliyopendwa ilitumia muziki wake, dunia ikauliza, huyu ni nani? Mwaka uliofuata ndipo kaburi likawekewa jina, na mwaka 1976 akapewa tuzo ya heshima ya Pulitzer, ambayo bila shaka angeifurahia zaidi akiwa hai.

Tarehe 14 Aprili, mjini Warsaw, alifariki daktari wa macho aitwaye Ludwik Zamenhof, Myahudi aliyezaliwa mji wa Bialystok. Katika mji wake Warusi, Wapolandi, Wajerumani na Wayahudi walikuwa kila mmoja na lugha yake, na kila mmoja akimchukia mwenziwe. Kijana Zamenhof akaona dawa ni moja: lugha ya pamoja, isiyo ya kabila lolote, nyepesi kujifunza. Akaitunga mwenyewe na kuitoa kitabuni mwaka 1887. Ndiyo Esperanto. Alikufa jeshi la Ujerumani likiwa limeukalia mji wake, na katika vita vilivyofuata watoto wake wote watatu waliuawa na Wajerumani wa Hitler.

Huwa nawaza jambo moja juu ya Zamenhof. Alipokuwa akifa kwa huzuni kule Warsaw, lugha ya pamoja isiyo ya kabila moja ilikuwa tayari inafanya kazi yake. Haikutungwa na daktari chumbani. Ilikuwa Kiswahili, na kilikuwa kikizungumzwa usiku huo huo kuzunguka mioto ya kambi, na Mkikuyu, Msukuma, Mnyamwezi, Mkamba, Mjaluo na Myao ambao hawakuwa na njia nyingine ya kuulizana maji yako wapi. Wengine walikuwa wanajifunza neno la kwanza. Tutawafikia hao.

Wengine nitawapitia haraka. Tarehe 15 Oktoba Wafaransa walimpiga risasi mwanamke mcheza ngoma aliyejulikana kama Mata Hari, kwa kosa la ujasusi, na hakuna ndugu aliyejitokeza kuuchukua mwili. Tarehe 11 Novemba alifariki Honolulu mama mzee aliyekuwa malkia wa mwisho wa Hawaii, Liliuokalani, aliyepinduliwa mwaka 1893. Serikali ya Marekani ilikuja kuomba radhi kwa mapinduzi hayo mwaka 1993, miaka mia kamili baadaye. Tarehe 17 Novemba akafariki mchongaji sanamu wa Kifaransa Auguste Rodin, na juu ya kaburi lake ikawekwa sanamu yake mwenyewe ya mtu aliyeinama anafikiri.

Basi ukurasa wetu umejaa. Mwindaji, mbuni, daktari, mwanamuziki, mtunga lugha, mcheza ngoma, malkia, mchongaji. Mhariri wa gazeti angeridhika nao kabisa.

Mimi siridhiki.

Nimesema kwamba tani 15 nitazirudia. Chombo cha Zeppelin kiliweza kubeba tani 15 kwa mara moja. Huku chini, katika ardhi ile ile kilikokuwa kinaelekea, mizigo ilibebwa na nini? Farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa mbung'o. Malori yalikuwa machache na barabara hazikuwepo, na mvua ya mwanzo wa mwaka 1917 ilifanya bonde la Rufiji kuwa bahari, hata askari wa Nigeria walioletwa huko wakaonja njaa ya kweli. Reli zilikuwa chache. Kilichobaki ni kichwa cha mtu.

Na hapa kuna hesabu ya darasa la nne ambayo majenerali walichelewa kuifanya. Chukua mpagazi mmoja, mtwike kilo 25 za unga. Naye ni binadamu, lazima ale, tuseme kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi kufika kwa askari, amekula kilo kumi. Kurudi siku kumi, atakula kumi nyingine. Askari amepata kilo tano. Safari ikiwa ya siku kumi na tatu kwenda na kumi na tatu kurudi, askari hapati kitu, na mpagazi mwenyewe analala na njaa siku ya mwisho. Kwa hiyo ukitaka jeshi liende mbele zaidi, unahitaji wapagazi wa kubeba chakula cha wapagazi. Ndiyo sababu idadi ikapanda na kupanda. Upande wa Waingereza peke yake, kwa vita vizima, yakadiriwa watu wapatao milioni moja walitumikishwa katika upagazi. Nao Wajerumani walikuwa na wao.

Mwaka 1917 ndio ulikuwa mbaya kuliko yote. Jeshi lilipotaka kumsukuma von Lettow-Vorbeck kusini, ilitoka amri ya kukusanya watu kwa wingi katika nchi ambayo leo ni Kenya. Aliyepewa kazi hiyo alikuwa Mkuu wa Jimbo mmoja, John Ainsworth, na katika miezi michache wakapatikana watu zaidi ya laki moja. Machifu walipewa idadi ya kutoa. Usiku nyumba zikazingirwa. Walichukuliwa vijana wasiokuwa na mtu wa kuwatetea, wakapelekwa kwa reli na meli hadi nchi wasiyoijua, wengi hawajawahi kuiona bahari.

Wakafa. Wachache walikufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa homa ya mapafu. Mtu wa nyanda za baridi, aliyezoea viazi na ndizi, alipewa unga wa mahindi, mara nyingi hakuna muda wala kuni za kuupika ukaiva. Unga mbichi unachana utumbo. Daktari wa kikosi hakuwa na dawa za kutosha hata kwa askari wa Kizungu. Ile elimu ya kina Behring ilikuwapo duniani, tena ikiwa na Tuzo ya Nobel, ila haikufika kwenye kambi ya wapagazi kule Lindi au Kilwa kwa kipimo walichokihitaji.

Hesabu rasmi ya Waingereza ya wapagazi wao waliokufa ilipita 40,000. Wanahistoria walioichunguza wanasema hiyo ni ndogo, na kwamba idadi ya kweli inakaribia 95,000 au hata zaidi. Sisemi habari ya raia. Kule Ugogo majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana, na ikafuata njaa kuu ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya, na hao hawamo katika hesabu hizi.

Huku mjini kwetu wametuachia neno. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, wakaweka kambi ya kikosi cha wapagazi, kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukaligeuza kuwa Kariakoo. Nairobi nako wana Kariokor yao. Nimewahi kuwasikia vijana wawili ndani ya basi wakibishana juu ya jina hilo, mmoja akishikilia kwamba linatokana na koo la mtu. Tunanunua nyanya na mitumba juu ya jina la kikosi hicho kila siku, nami sioni ubaya, soko ni uhai. Lakini kikosi kina jina, watu wake hawana.

Sasa niseme kwa nini nimeuchagua mwaka 1917. Tarehe 21 Mei ya mwaka huo huo, kwa hati ya mfalme wa Uingereza, iliundwa Tume ya Makaburi ya Vita. Msingi wake ulikuwa mzuri, na kwa wakati ule ulikuwa mgeni kabisa: kila aliyekufa katika utumishi wa jeshi la dola atajwe kwa jina lake, ama juu ya jiwe la kaburi, ama ukutani iwapo mwili haukupatikana. Pasiwe na tofauti ya cheo, rangi wala dini.

Na si kwamba jambo hilo lilishindikana kwa Mwafrika. Nitatoa mfano wa mwaka ule ule. Tarehe 21 Februari 1917, alfajiri, katika ukungu, meli iitwayo Mendi iligongwa na meli nyingine kubwa karibu na pwani ya kusini ya Uingereza. Ilikuwa imewabeba Waafrika wa Afrika Kusini waliokuwa wakipelekwa Ufaransa, si kupigana, bali kufanya kazi: kupakua mizigo, kukata miti, kutengeneza barabara. Meli iliyowagonga haikuwaokoa. Walikufa zaidi ya 600. Miongoni mwao alikuwamo mchungaji na mshairi wa Kixhosa, Isaac Wauchope Dyobha. Watu hao walikuwa vibarua wa jeshi, kama wapagazi wetu. Na majina yao yako wapi? Yamechongwa kwenye kumbukumbu ya Hollybrook, mjini Southampton, pamoja na majina ya wengine waliopotea baharini. Hapo hapo pameandikwa jina la Lord Kitchener, mkuu mkubwa wa jeshi lote, aliyezama mwaka 1916. Kibarua wa Kixhosa na bwana mkubwa, kumbukumbu moja.

Kwa hiyo yaliwezekana. Lakini kibarua aliyefia Rufiji, Kilwa au Lindi, mwaka huo huo, chini ya bendera hiyo hiyo, hakuchongwa popote.

Ilikuwaje? Tume yenyewe imekiri, katika taarifa yake iliyotolewa Aprili 2021. Baada ya vita wakubwa wa Tume waliandikiana barua na magavana wa makoloni. Gavana wa Tanganyika wa wakati huo alikuwa na maoni kwamba yale makaburi makubwa ya wapagazi, hapa Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe tu yarudiwe na msitu haraka iwezekanavyo. Hakupenda hata kuitazama hesabu ya waliokufa. Wengine walidai kwamba wenyeji hawatafahamu maana ya jiwe la kaburi. Kama kwamba hakuna kabila hapa lililokuwa likifagia makaburi ya wazee wake, kutambika na kutaja majina yao mmoja mmoja, kabla ya Mwingereza wa kwanza kushuka pwani!

Tena wasituambie kwamba hakukuwa na orodha. Kikosi cha wapagazi kilikuwa na afisi yake, na mkuu wake, Oscar Watkins, alikuwa mtu mwenye kukijua Kiswahili vizuri na mwenye kuwajali watu wake kuliko wengi wa wakati wake. Wapagazi waliandikishwa na kupewa namba. Mshahara wa maelfu waliokufa bila warithi wao kupatikana ulibishaniwa serikalini miaka mingi baada ya vita, na wenyewe hawakulipwa. Kenya, mara tu baada ya vita, kila mwanamume Mwafrika akalazimishwa kuvaa kipande shingoni, chenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake. Serikali ilijua sana kuandika jina la mtu ilipomhitaji kwa kazi.

Badala ya majina ikaja sanamu. Mwaka 1927 zilizinduliwa sanamu za askari katika miji mitatu, Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Ya kwetu mnaijua, askari mwenye bunduki pale Mtaa wa Samora, na madereva wote wanajua "Askari" ni wapi. Ni kazi nzuri, sina ugomvi na mchongaji. Maneno yaliyomo aliyatunga Rudyard Kipling, aliyekuwa mshauri wa Tume katika mambo ya maandishi tangu 1917. Kipling naye alikuwa na jeraha lake. Mwanawe wa pekee alikuwa amekufa vitani mwaka 1915 akiwa na miaka 18, na baba alikufa bila kujua mwili ulipo. Kama kuna mtu aliyejua thamani ya jina juu ya jiwe, ni yeye. Na maandishi yake pale Samora yanawataja wapagazi kuwa ni miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Zunguka sanamu ile pande zote. Jina la mpagazi hata mmoja hulioni.

Taarifa ya 2021 ilitoa hesabu. Watu kati ya 45,000 na 54,000, Waasia na Waafrika, walikumbukwa kwa namna iliyo pungufu. Wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Radhi ni jambo la adabu na mimi ninaipokea, japo waliostahili kuombwa walikwisha oza miaka mia iliyopita.

Baada ya radhi kuna kazi, na nyingine imefanyika. Januari 2025 mjini Cape Town ilizinduliwa kumbukumbu ya vibarua weusi wa Afrika Kusini waliofia vitani hapa hapa barani Afrika na wakaachwa katika hesabu ya mwanzo. Kumewekwa nguzo za mbao ngumu ya Kiafrika, kila mtu na nguzo yake, kila nguzo na jina. Zimezidi 1,700. Majina hayo hayakushuka kutoka mbinguni; yalifukuliwa kwenye majalada, na watu wenye subira.

Kwetu sisi Tume imekuwa ikitafuta majina katika nyaraka na kwa kuzungumza na wananchi. Nasikia wako wanaotaka sanamu nyingine, kubwa kuliko ya 1927, yenye mpagazi na mzigo kichwani. Sitawazuia. Ila kama ningeulizwa mimi, ningeomba kwanza daftari. Daftari kubwa, la kurasa nyingi, nakala moja Maktaba Kuu, nyingine Nyumba ya Makumbusho, na nyingine katika kila mkoa, kila wilaya iliyotoa watu. Liandikwe jina, jina la baba, kijiji, na mahali alipofia kama panajulikana. Majalada yatatoa mengine. Mengine hayamo katika jalada lolote, yamo vinywani. Ziko familia, Mwanza, Machakos, Songea, Kisumu, Tabora, ambazo zikihesabu ukoo wao hufika kwa mtu mmoja zikasema: huyu alikwenda kariakoo, hakurudi. Wanasema hivyo na kupita kwa anayefuata. Jina la mtu huyo wanalo. Wanaolijua sasa ni wajukuu na vitukuu, wengine wana miaka themanini na zaidi, na hawajaulizwa.